Ukipita Mbozi, Shuka: Songwe Ambayo Sisi Wenyeji Hatuijui

Mwaka jana nikiwa BTP katika shule moja ya sekondari wilayani Mbozi, niliwadanganya wanafunzi. Ilikuwa Ijumaa, Kidato cha Kwanza, nikirudia mada ya mfumo wa jua kabla ya mtihani. Nimeshachora jua, nimeshachora sayari, nimefika kwenye vimondo. Kwenye simu nilikuwa na picha ya kimondo cha Hoba cha kule Namibia, nikawa napita dawati kwa dawati nawaonyesha. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili japokuwa kipindi kilikuwa cha Kiingereza: "Madam, na hiki cha kwetu cha Ndolezi, wewe umekiona?"

Nikajibu, "Ndiyo, nimekiona."

Sikuwa nimekiona. Nimezaliwa Tunduma, nimesoma Tunduma, na kila nikienda na kurudi chuo napita kwenye kibao chake pale barabarani. Sijawahi kushuka. Nilijua kipo, kama mtu anavyojua jirani ana kisima bila kuwahi kuchota.

Kesho yake, Jumamosi, nikaenda. Likizo iliyofuata nikazunguka zaidi, na nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Nawaandikia hasa wenzangu mnaotoka Songwe, na pia ninyi mnaopita tu mkielekea Zambia au mkirudi Mbeya, mkidhani kwamba kati ya Mlowo na Tunduma hakuna cha kutazama zaidi ya foleni ya malori.

Mkoa wa kupita

Songwe ni mkoa mchanga. Ulianzishwa rasmi Januari 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa. Una wilaya nne: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Tunduma, ambao ni mji mkubwa kuliko yote mkoani, uko wilaya ya Momba, umepakana uso kwa uso na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapo pia. Tangu 2019 forodha za nchi zote mbili zinafanya kazi kwa mfumo wa kituo kimoja.

Kwa hiyo tumezoea kuwa watu wa njiani. Maisha yetu ni kubadilisha fedha, kuuza chakula kwa madereva, kuvusha mzigo. Mtu akikuuliza kwenu kuna nini, unajibu, "Kuna mpaka." Mwenzangu wa chumbani hapa hosteli ana picha za kisiwa cha Santorini cha Ugiriki kwenye simu, anajua mpaka saa ambayo jua linazama vizuri kule. Simcheki, maana mimi mwenyewe nilikuwa najua Hoba ya Namibia kabla ya Ndolezi ya kwetu.

Hata jina la mkoa wengi wetu tunalichanganya. Mito inayoitwa Songwe iko miwili. Mmoja unashuka kwenda kaskazini-magharibi na kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mwingine uko kusini, unapita Ileje na kuwa mpaka wetu na Malawi, kisha unaingia Ziwa Nyasa. Maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire hadi Zambezi, na mwishowe Bahari ya Hindi. Maji ya Rukwa hayatoki kwenda popote, kwa sababu ziwa hilo halina mto unaotoka. Basi mvua ikinyesha katika mkoa huu mmoja, tone moja linaweza kufika baharini na lingine likaishia bondeni likikaushwa na jua. Hilo ni somo zima la Jiografia, na halihitaji picha ya kupakua.

Ndolezi: chuma kutoka juu

Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kata ya Mlangali. Unaacha lami kwenye kibao, unaingia barabara ya vumbi, unapita mashamba ya mahindi na migomba na mibuni. Nilikodi bodaboda. Dereva alinicheka nilipomwambia mimi ni mtu wa Tunduma na ndiyo kwanza naenda. Akasema, "Nyie watu wa mpakani mnajua dola tu."

Kimondo kimelala kwenye mteremko wa kilima, juu ya kitako cha saruji. Ni kipande cha chuma cheusi chenye kutu, urefu wake mita tatu na zaidi kidogo, kina mabonde madogomadogo mwili mzima kana kwamba mtu amekibonyeza na dole gumba kikiwa bado laini. Uzito wake hukadiriwa kwa kupima ukubwa, ndiyo maana utasikia tani 12, wengine 16, wengine hadi 25. Vyovyote iwavyo ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Hoba, kinachoongoza, kina tani kama 60.

Weka mkono. Ni baridi, ni kizito kwa namna ambayo hata macho yanakiona. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, karibu asilimia 9 ni nikeli, na kilichobaki ni chembechembe za shaba, fosforasi na salfa. Hiyo nikeli ndiyo inayokitambulisha. Chuma cha kwenye udongo wetu hakiji kimechanganyika na nikeli kwa kiasi hicho.

Kilitoka wapi? Watoto wengi hudhani kimondo ni nyota iliyoanguka, na neno lenyewe tunalitumia hata kwa ule mwale unaopita angani usiku. Ila nyota ni jua la mbali, haiwezi kuanguka Mbozi. Maelezo ya wanasayansi ni haya: mwanzoni mwa mfumo wa jua kulikuwa na magimba mengi madogo kuliko sayari. Baadhi yalipata joto hadi yakayeyuka, chuma kizito kikazama katikati, mawe mepesi yakabaki juu. Kisha magimba hayo yakagongana na kuvunjika. Vipande vya ile sehemu ya katikati ndivyo vimondo vya chuma. Unapogusa kile cha Ndolezi unagusa kitu kinachofanana na kitovu cha dunia yetu, ambacho hakuna mashine iliyowahi kukifikia. Tena cha kwetu hakiingii katika kundi lolote la vimondo vya chuma yaliyokwisha kupangwa. Kiko peke yake.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hakuna shimo. Kitu cha tani nyingi kimeanguka kutoka angani, shimo liko wapi? Jibu linalotolewa ni kwamba kilianguka zamani sana, mvua na mmomonyoko vikafuta kila alama. Mwaka 1930 kilipoandikwa kwa mara ya kwanza na mpimaji ardhi kutoka nje, W. H. Nott, ni mgongo wake tu uliokuwa unaonekana. Udongo ukachimbwa pande zote, ikabaki nguzo ya udongo chini yake, nayo ikajengewa saruji. Upande mmoja utaona alama ya kukatwa. Hapo watafiti walitoa kipande cha kuchunguza.

Vitabu vingi husema "kiligunduliwa" mwaka 1930. Hilo neno nawaomba walimu wenzangu tuliangalie vizuri. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wahunzi. Walichimba udongo wenye chuma na kuuyeyusha kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, wakatengeneza majembe na mikuki. Watu wa namna hiyo hawawezi kukaa karibu na mgongo wa chuma usiopasuka kwa nyundo wasijue kuwa si jiwe. Walikijua, na masimulizi yanasema kilikuwa na mwiko, hakikutajwatajwa ovyo. Kilichotokea 1930 ni kwamba kiliandikwa kwenye karatasi. Tukiwaambia watoto kwamba kiligunduliwa na mgeni, tunawafundisha pia kwamba babu zao walikuwa vipofu.

Leo eneo limehifadhiwa kisheria kama urithi wa taifa na linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna kituo cha taarifa, na miaka ya karibuni Juni 30, Siku ya Asteroidi Duniani, imekuwa ikiadhimishwa hapo.

Ivuna: kidogo kinachojulikana London

Sasa nije kwenye kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukisikia hadi nilipoanza kusoma kwa ajili ya kumjibu yule binti.

Songwe ina vimondo viwili. Cha pili kilianguka Desemba 16, 1938 huko Ivuna, wilaya ya sasa ya Momba, chini kwenye bonde la Rukwa. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, gramu 705 hivi. Si chuma. Ni kitu cheusi, laini, kinachomong'onyoka kama udongo mkavu, kina maji ndani ya madini yake na kina kemikali zenye kaboni.

Kidogo hivyo, lakini wanasayansi wa anga wanakililia. Ukiondoa gesi kama hidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia sana ule wa jua lenyewe. Maana yake hakijapikwa wala kuyeyuka tangu mfumo wa jua ulipoanza, miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita. Vimondo vya aina hiyo vilivyopatikana duniani ni vichache mno, na kundi lao linaitwa CI: C ya kaboni, I ya Ivuna. Kijiji cha Momba kimo kwenye kila kitabu cha fani hiyo, kimejificha kwenye herufi moja.

Mwaka 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu tano na kidogo za vumbi kutoka asteroidi iitwayo Ryugu. Walipolichunguza walikuta linafanana kuliko yote na kundi la Ivuna. Wajapani wametuma chombo mbali mno angani, wamerudi na kitu ambacho ndugu yake alianguka kwetu bila kualikwa.

Na kipande cha Ivuna kiko wapi? Ukitaka kukiona, panda ndege. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilipata kipande mwaka 2008. Sisemi kirudishwe kesho asubuhi. Kitu kinachomong'onyoka kinahitaji matunzo, tena kisiguswe na hewa yenye unyevu. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Momba anastahili kuambiwa.

Nilifika Ivuna wakati wa likizo na baba mdogo, ambaye hununua mpunga bonde la Kamsamba. Unashuka kutoka baridi ya nyanda za juu hadi joto la bondeni, masikio yanaziba, mibuni inaisha, inaanza mibuyu. Niliuliza watu watatu kuhusu kimondo cha 1938. Wote watatu walinielekeza Ndolezi.

Walichokijua vizuri ni chumvi. Ivuna kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta mabaki ya watu waliokaa wakitengeneza chumvi tangu karibu karne ya 13. Njia yake ni rahisi kueleza: unakusanya udongo wenye chumvi, unauweka kwenye chombo chenye matundu, unamwagia maji yachuje, kisha yale maji unayachemsha hadi yakauke. Inayobaki chunguni ni chumvi. Kwa watu waishio mbali na bahari hiyo ilikuwa mali ya kubadilishana na majembe, nafaka na nguo. Kumbe biashara ya kuvusha mzigo hatukuianza sisi na malori.

Mifupa yenye majina ya Kiswahili

Wilaya ya Songwe, maeneo ya Galula, kuna miamba myekundu ambayo imetoa mifupa ya wanyama wa zamani sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio cha Marekani wamechimba huko pamoja na Watanzania, na waliamua kutumia lugha yetu katika majina.

Dinosaria mmoja mla majani, mwenye shingo ndefu, aliyetangazwa mwaka 2017, anaitwa *Shingopana songwensis*. Jina la kwanza halihitaji tafsiri. La pili ni Songwe. Mwingine, wa mwaka 2019, ni *Mnyamawamtuka moyowamkia*: mnyama wa mto Mtuka, mwenye pingili za mkia zenye umbo la moyo. Aliishi takribani miaka milioni 100 iliyopita. Na mwaka 2010 alitangazwa *Pakasuchus kapilimai*, jamaa wa mamba, mdogo kama paka wa nyumbani, mwenye meno ya kutafuna yanayofanana na ya mamalia. Sehemu ya pili ya jina lake inamuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nilipowaandikia wanafunzi wangu jina hilo la Shingopana ubaoni, darasa zima lilicheka, na hakuna aliyelisahau. Ni mara yangu ya kwanza kuona jina la kisayansi ambalo mtoto wa Mbozi analielewa kabla ya profesa wa Ulaya.

Tumbo nalo lina haki yake

Safari bila chakula ni adhabu. Mbozi kunalimwa kahawa ya arabika, na pale Mbimba kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Msimu wa mavuno utaona buni zimeanikwa kwenye vichanja kila nyumba. Ila ukiingia mgahawani ukaagiza kahawa, jiandae kuletewa ya kopo, au uambiwe kuna chai tu. Tunaikoboa, tunaipeleka chama cha ushirika, inauzwa mnadani, sisi tunakunywa chai. Mama mwenye nyumba niliyopanga wakati wa BTP ndiye aliyenikaangia buni kwenye chungu, akatwanga kwenye kinu, akachemsha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa kahawa ya Mbozi nikiwa Mbozi.

Omba pia ugali wa ulezi. Ni mweusi kidogo, mzito, una utamu wa mbali. Ukiupata na samaki wa Rukwa waliokaushwa kwa moshi, wakaungwa na karanga, hutauliza chipsi.

Tunduma yenyewe ina chakula chake cha mpakani: chikanda. Wazambia wanakipenda sana. Kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya ua la okidi, vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi hadi vishikane kama mkate. Kinakatwa vipande na kuliwa kwa mkono. Ni kitamu. Lakini hapa lazima niseme ukweli: okidi hizo huchimbwa porini kwenye nyanda zetu za juu, na ukichimba kiazi mmea umekufa. Uchimbaji kwa ajili ya soko la Zambia ni moja ya sababu zilizofanya watu wapiganie uhifadhi wa Kitulo, ambayo sasa ni hifadhi ya taifa. Mimi nilikula kipande kimoja, sikununua cha kubeba. Wewe utaamua mwenyewe.

Ukitaka kwenda

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika barabara ya kushuka bondeni ni utelezi mtupu. Kutoka Mbeya au Tunduma panda Costa au Noah, mwambie kondakta akushushe kwenye kibao cha Kimondo. Bodaboda patana naye kwenda na kurudi, na amsubiri mteja wake, maana ukimwachia aondoke utatembea. Beba kitambulisho cha chuo kwa ajili ya kiingilio. Ndolezi ni safari ya nusu siku, bumu haliwezi kulalamika. Ivuna na Galula ni mbali. Tafuta mwenyeji, mkienda kikundi mtagawana nauli. Ukiona mfupa au jiwe la ajabu, liache lilipo na utoe taarifa ofisi ya kijiji. Na zungumza na watu. Vibao havijaandika hata nusu ya wanayoyajua.

Jumatatu

Jumatatu ile niliingia darasani kabla kengele haijatulia. Nikawaambia, "Ijumaa niliwadanganya. Sikuwa nimekiona. Nimekiona juzi." Kukawa kimya. Walimu hatuna kawaida ya kusema hivyo, na nilijua nikishawaambia naweza kupoteza heshima ya muhula mzima.

Yule binti wa nyuma akauliza, "Umekigusa, Madam?"

Nikasema nimekigusa.

Akasema, "Hata mimi bado. Kwetu ni Ndolezi, lakini kiingilio mama anasema tutaenda mwaka kesho."

Kumbe hakuwa ananipima. Alikuwa anataka mtu wa kumsimulia. Nikafuta Hoba ubaoni, nikaanza upya.